Keshero: Makao ya Muda na Mwaka wa Shule

Familia inayohamia Goma kwa muda, iwe imefuata mkataba wa kazi wa miezi michache, matibabu ya mgonjwa au biashara, au iwe imeyakimbia mapigano yaliyofika shambani kwake Masisi, Rutshuru au Walikale, kwa kawaida huanza kwa kutafuta nyumba. Ikishapata nyumba ndipo huulizia shule, na mambo ya ardhi yenyewe, yaani hewa, maji na njia ya kutokea, huyajua baada ya kuhamia, mara nyingi kwa kuambiwa na jirani. Makala haya yanashikilia kwamba mpangilio huo umekaa kinyume kwa familia yenye watoto wa umri wa shule, na kwamba mtaa wa Keshero, ulio magharibi ya mji, unaonyesha kwa nini shule inapaswa kuchaguliwa kwanza, ardhi ifuate, na nyumba iwe ya mwisho. Kazi ya mtu mzima inaweza kukatika Februari ikaendelea mahali pengine Machi, lakini mwaka wa shule wa mtoto ukikatika Februari bila maandalizi huelekea kupotea wote, kwa sababu shule itakayompokea haina namna ya kuthibitisha alichosoma tangu Septemba.

Keshero, ambao katika karatasi za hospitali na za baadhi ya ofisi huandikwa Kyeshero, ni mmoja wa mitaa 18 ya Goma. Mtaa hapa ni ile ngazi ya utawala ambayo wakazi huiita kartie, inayoongozwa na shefu wa kartie na kugawanywa katika avenyi na nyumba kumi. Mitaa hiyo imegawanyika kati ya komini mbili, Goma na Karisimbi, na Keshero umo katika Komini ya Goma pamoja na Himbi, Katindo, Lac Vert, Mapendo, Mikeno na Les Volcans. Anayetoka katikati ya mji kuelekea Sake, mji mdogo ulio kilomita kama 25 upande wa magharibi, hupita Katindo na Himbi kabla ya kuingia Keshero, Ziwa Kivu likiwa kushoto kwake, na akiendelea mbele hukutana na Lac Vert, kisha Mugunga. Kukaa huko, kati ya ziwa na barabara ya Sake, mbali kidogo na uwanja wa ndege na mbali zaidi na mpaka wa Rwanda, ndiko kulikoufanya mtaa huu upendwe, na ndiko pia kulikouletea hatari zake.

Sifa ya Keshero ilijengwa na volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo, yaani mwamba ulioyeyuka unaotiririka kama uji wa moto, ilipita juu ya sehemu ya uwanja wa ndege, ikalichoma na kulifunika eneo la katikati ya mji, ikaishia ziwani, huku ikiwaacha watu zaidi ya 100,000 bila makao. Mitaa ya magharibi ilinusurika, na wengi waliojenga upya walijenga wakielekea huko. Miaka 19 baadaye, usiku wa 22 Mei 2021, mlima huo ulilipuka tena, lava ikasimama karibu na Buhene, kwenye ukingo wa kaskazini wa mji. Matetemeko yalipozidi, tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya ile 18 ihamwe mara moja. Keshero haukuwemo katika orodha hiyo, na barabara inayoupita ilibeba maelfu ya watu waliokuwa wakielekea Sake kwa miguu, kwa pikipiki na kwa malori. Tangu hapo imekuwa rahisi kwa dalali wa nyumba kumwambia mgeni kwamba magharibi ni salama.

Usemi huo ulikuwa na ukweli nusu. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka katika kambi za wakimbizi wa ndani za Lac Vert na Mugunga, mitaa ya upande huohuo wa mji, yakaua watu ambao tayari walikuwa wamekimbia vijiji vyao. Na mwishoni mwa Januari 2025, siku chache baada ya Sake kuanguka, waasi wa M23 waliingia Goma na kutangaza tarehe 27 kwamba wameutwaa mji. Barabara ileile iliyokuwa njia ya kuondokea mwaka 2021 ikawa miongoni mwa milango ya vita mwaka 2025. Hospitali ya Kyeshero, ambayo kwa miaka mingi imefanya kazi kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka na kutibu zaidi watoto, ilipokea majeruhi wa vita. Kwa hiyo anayeuliza kama Keshero ni salama anauliza swali lisilojibika, kwani kila mtaa wa Goma una usalama wake dhidi ya jambo fulani na udhaifu wake dhidi ya jambo jingine. Swali linalojibika ni hili: likitokea tukio fulani, familia itatoka kwa njia ipi, na watoto watakuwa wapi saa hiyo? Mwaka 2021 mamia ya watoto walitengana na wazazi wao katika mkimbio wa usiku, wakati ambao wengi walikuwa nyumbani. Tukio la mchana, mtoto akiwa shuleni ng’ambo ya mji, lingekuwa gumu zaidi. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kuichagua shule kabla ya nyumba, na nyumba kuitafuta ndani ya mwendo wa miguu wa mtoto mdogo kuliko wote.

Sababu ya pili imo katika muundo wa masomo ya Kongo, ambao wageni wengi, hata wale wanaotoka mikoa mingine ya nchi hiyohiyo, huuchukulia kijuujuu. Shule ziko za aina tatu. Zipo za dola zinazosimamiwa na dola yenyewe. Zipo za mkataba, yaani shule za umma ambazo usimamizi wake ulirudishwa kwa makanisa na jumuiya nyingine za dini kwa makubaliano yaliyotiwa saini mwaka 1977, miaka michache baada ya utawala wa Mobutu kuzitaifisha. Na zipo za binafsi. Katiba ya 2006 inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma, lakini ni Septemba 2019 tu ndipo serikali ilipoanza kuitekeleza ahadi hiyo nchini kote, na kuiondoa ile prime ambayo wazazi walikuwa wakiwalipa walimu tangu miaka ya 1990. Tokeo lilikuwa jema na zito kwa wakati mmoja: watoto waliokuwa wakikaa nyumbani waliingia darasani, na madarasa yakafurika. Katika mji uliopokea wakimbizi wa ndani kwa mamia ya maelfu, mafuriko hayo yalikuwa makubwa zaidi.

Shule ya binafsi, ambayo haikuguswa na ubure huo, humpokea mtoto katikati ya mwaka bila maswali mengi kwa sababu inahitaji ada yake, na familia ya muda huvutwa na urahisi huo. Hapo ndipo tahadhari inapohitajika zaidi. Shule ya binafsi inapaswa kuwa na kibali cha serikali, kile kinachoitwa agrema, na isiyo nacho haiwezi kumsimamisha mwanafunzi kwa jina lake mbele ya mtihani wa taifa, wala karatasi zake hazina uzito mbele ya prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, wa Bukavu, Butembo au Kinshasa. Rangi mpya ukutani na basi lenye jina la shule havisemi lolote juu ya jambo hilo. Kwa familia itakayokaa miezi minane kisha irudi ilikotoka, shule ya mkataba iliyojaa, yenye rejista zilizotunzwa na direkta, yaani mkuu wa shule ya msingi, anayefahamika kwa wakaguzi, ina faida kuliko shule tulivu ambayo karatasi zake zitakataliwa. Hukumu hiyo inaweza kuonekana ngumu kwa mzazi anayetaka mwanawe akae darasa la watoto 30. Lakini darasa dogo ni raha ya mwaka mmoja, na karatasi isiyotambulika humfuata mtoto hadi mwisho wa masomo.

Karatasi inayozungumzwa ni bulletini, daftari la matokeo linaloonyesha alama za kila somo na asilimia ya jumla. Katika shule ya msingi mwaka una mihula mitatu, kila mmoja wenye vipindi viwili vya alama na mtihani. Katika sekondari una nusu mbili, nazo zina vipindi viwili kila moja. Mtoto anayehama mwishoni mwa muhula huondoka na hesabu iliyofungwa, na shule mpya huendelea kutoka hapo. Anayehama katikati ya kipindi huondoka na safu tupu, na shule mpya hulazimika ama kumkadiria ama kumrudisha nyuma. Mzazi mwenye nafasi ya kuchagua tarehe, jambo ambalo aliyekimbia vita hana, anapaswa kuipanga safari kwa kalenda ya shule, inayoanza Septemba na kuishia mwanzoni mwa Julai, hata ikibidi yeye mwenyewe atangulie na watoto wafuate baada ya likizo ya Noeli.

Yapo madarasa matatu ambayo ni afadhali mtoto asihamishwe kabisa kwa makao ya muda, kama kuna ndugu wa kumwachia: la sita, la nane na la mwisho wa humanite. Darasa la sita hufunga shule ya msingi kwa mtihani wa taifa. La nane hufunga elimu ya msingi kwa mpango mpya, ambao umeiongezea miaka miwili, wa saba na wa nane, iliyokuwa zamani mwanzo wa sekondari. Humanite ni ile miaka minne inayofuata, nayo huishia kwenye Mtihani wa Dola, uliopo tangu 1967 na unaofungua mlango wa chuo kikuu. Majina ya watahiniwa huandikishwa mapema kupitia shule, na finalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anayebadilisha shule baada ya hapo huhitaji barua, mihuri na safari za ofisini ambazo mji uliotoka vitani hauzimalizi haraka. Kwa humanite kuna tatizo jingine, la chaguo la masomo. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesoma biokemia hawezi kuingizwa katika shule yenye ualimu na biashara peke yake bila kupoteza mwaka, kwa hiyo swali la kwanza kwa prefe ni machaguo gani shule inayo, na la ada hufuata baadaye.

Suala la lugha huwatia wazazi hofu kuliko linavyostahili. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa kutumika kufundishia, na walimu wa madarasa ya mwanzo mjini Goma hueleza kwa Kiswahili hata pale kitabu kilipoandikwa kwa Kifaransa. Mtoto wa Kihunde, Kinande au Kinyarwanda aliyekulia kijijini hukipata Kiswahili cha mji uwanjani na avenyini. Anayehitaji msaada wa kweli ni yule anayetoka shule za Kiingereza za Kampala au Nairobi na kuingia darasa la tano au zaidi, ambako Kifaransa kimeshashika masomo yote. Kwake, masomo ya jioni ya miezi mitatu yafaa yahesabiwe katika gharama za kuhama kama vile kodi ya nyumba.

Kwa kuwa madarasa hayatoshi, shule nyingi hufanya kazi kwa zamu mbili, asubuhi na alasiri, na wanafunzi wanaoandikishwa mwishoni mara nyingi hupewa zamu ya alasiri. Goma iko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima na giza huingia upesi, hivyo mtoto wa zamu ya alasiri anayetembea dakika 40 hufika nyumbani gizani, kwenye njia za mawe makali ya lava zisizo na taa. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anaweza kumchukua, ila malipo ya pikipiki ya kila siku kwa watoto watatu hupita upesi ile tofauti ya kodi iliyomfanya mzazi achague nyumba ya mbali.

Ndipo inakuja ardhi, na Keshero hauwezi kuzungumzwa bila mazuku. Hilo ndilo jina ambalo wakazi wa Kivu huyapa mashimo na mabonde madogo yanayokusanya hewa ya ukaa inayotoka chini ya ardhi ya volkano, jina ambalo wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua na kuliandika hivyohivyo katika vitabu vyao. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na kwa hiyo hutambaa chini na kutulia palipobonyea, hasa usiku na alfajiri kabla upepo na jua havijaitawanya. Ikizidi sehemu 10 katika kila 100 za hewa, mtu hupoteza fahamu kwa dakika chache, na huweza kufa pasipo kuhisi lolote lililomwonya. Eneo lenye mazuku mengi kuliko yote ni ukanda wa kati ya magharibi ya Goma na Sake, pamoja na kando ya ziwa, ukanda ambao Keshero, Lac Vert na Bulengo vimo ndani yake. Mwaka 1986 huko Cameroon hewa hiyohiyo ilifumuka ghafla kutoka Ziwa Nyos ikaua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Mazuku ya Goma huua kwa namna tofauti, mtu mmoja hapa, mbuzi wawili kule, na pengine ndiyo sababu hayajapewa uzito unaoyastahili.

Mtoto yuko hatarini kuliko mzazi wake kwa sababu rahisi ya kimo: pua yake iko karibu na ardhi, na michezo yake iko mashimoni. Mtu mzima anaweza kuvuka bonde asidhurike mahali ambapo mtoto aliyeinama kuokota mpira hawezi kuinuka tena. Hatari huongezeka pale watu wanapochimba, kwani msingi wa nyumba, shimo la choo au chumba kilichozama chini ya usawa wa barabara kinaweza kukusanya hewa ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikitoka na kupeperuka. Kwa hiyo mzazi anayetembezwa katika parseli, yaani kiwanja cha makazi, ya Keshero anapaswa kuangalia mwinuko kabla ya kuangalia vyumba, kukataa nyumba iliyoko bondeni hata kama kodi yake ni nusu, na kuwauliza majirani, wala si mwenye nyumba, kama mijusi, ndege au kuku huokotwa wamekufa asubuhi na ni kona ipi ambayo watoto wa pale hukatazwa kupita. Wakazi wa zamani wanazijua kona hizo kwa majina. Kulijaribu shimo kwa kushuka ndani yake ni jambo lisilofanywa kamwe, wala kumfuata aliyeanguka humo bila msaada, kwa kuwa waokoaji wa namna hiyo wamekufa pamoja na waliotaka kuwaokoa. Maswali hayohayo yaulizwe shuleni: uwanja wa michezo uko juu au bondeni, na njia ya mkato ambayo watoto hupenda inapita wapi.

Juu ya maji machache yatatosha. Mji wa Goma hauna mto, ardhi yake ya mwamba haichimbiki visima kwa urahisi, na maji ya mji hupandishwa kutoka Ziwa Kivu. Bomba likikauka, familia hununua kwa bidoni la lita 20 au hutuma watoto ziwani. Ugumu huohuo wa mwamba hufanya vyoo viwe vifupi, na kipindupindu, kilichoua maelfu ya wakimbizi wa Rwanda hapa mwaka 1994, hakijawahi kuuaga mji. Ukaribu wa Keshero na ziwa ni neema kwa anayetibu maji kwa klorini au kuyachemsha, na ni mtego kwa asiyefanya hivyo.

Nyumba yenyewe, ikifikiwa sasa mwishoni, huchagulika haraka, kwa sababu shule na mwinuko vimeshapunguza eneo hadi avenyi chache. Zipo nyumba za mbao, ambazo ni nyingi kwa kuwa ni nyepesi kujengwa juu ya lava na rahisi kung’olewa, na zipo za matofali au mawe, ambazo hudumu na hugharimu zaidi. Kwa makao ya muda nyumba ya mbao si fedheha, mradi jiko liko nje na waya za umeme zimefungwa na fundi, maana moto katika mitaa ya mbao hausubiri. Kuhusu garanti, yaani fedha anazoziweka mpangaji mkononi mwa mwenye nyumba, sheria ya Desemba 2015 juu ya upangaji wa makazi imeweka kikomo cha miezi mitatu. Wapo wanaodai zaidi, na kamisioneri, yaani dalali wa nyumba, naye hudai ujira wake juu yake. Mpangaji wa muda ndiye anayeumizwa zaidi na madai hayo, kwa sababu akiondoka ghafla garanti yake hubaki nyuma, kwa hiyo mkataba wa maandishi unaosema jinsi itakavyoliwa kama kodi katika miezi ya mwisho una thamani kuliko punguzo lolote. Mabenki ya Goma yalipofungwa mwanzoni mwa 2025, fedha iliyokuwa mikononi mwa mtu mwingine ilikuwa fedha iliyopotea.

Mengi ya haya yamewekwa juu ya mabega ya wazazi kwa sababu wanaostahili kuyabeba hawayabebi. Ramani za mazuku zimeshachorwa na watafiti wakiwa pamoja na kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, na mabango ya onyo yamewahi kusimikwa. Linalokosekana ni ramani hiyo kubandikwa katika ofisi ya kila kartie, kwa Kiswahili, mahali ambapo mgeni huenda kujiandikisha, na sharti kwamba hakuna shule itakayofunguliwa wala parseli itakayogawanywa kwa ajili ya kupangishwa mahali palipopakwa rangi nyekundu. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Jambo la pili lahusu bulletini. Shule nyingi, za binafsi na hata za umma katika ngazi ya sekondari, huizuia mzazi anapokuwa na deni, na mjini ambamo familia huondoka usiku, deni ni jambo la kawaida. Mtoto wa Sake aliyesoma Keshero hadi kipindi cha tatu, kisha akalazimika kuvuka ziwa kwenda Bukavu, hufika huko akiwa kama mtu ambaye hakusoma kabisa. Shule ina haki ya kudai fedha yake, na inaweza kumwandikisha mzazi hati ya deni, kumfuata kupitia shule mpya, au kumshtaki. Alama za mtoto zilipatikana kwa kazi ya mtoto, hazikukopwa na mtu yeyote, na hakuna sababu ya haki inayomruhusu prefe kuzifungia kabatini. Mkoa, yeyote anayeutawala, na waratibu wa shule za mkataba, ambao mitandao yao ya makanisa imevuka mistari yote ya vita, wanaweza kuamua kuanzia muhula ujao kwamba nakala ya bulletini yenye mhuri itolewe mwishoni mwa kila kipindi kwa kila mtoto, awe amelipiwa au la, akae au aondoke.